Harufu ya banda la kuku inaanzia kwenye maji

Mwezi wa pili mwaka jana, mvua zikiwa zimekolea hapa Mbeya, jirani yangu aligonga geti saa moja asubuhi. Ni bibi wa umri wa mama yangu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, kuku wako siwachukii. Ila jana wageni wangu wamekula huku wameziba pua." Niliona aibu nikakosa la kujibu, maana mimi mwenyewe sikuwa nasikia harufu yoyote.

Pua ya mfugaji huzoea. Siku ile nilimwomba bibi niingie uani kwake, nikasimama karibu na jiko lake la nje, na hapo ndipo ilinipiga: harufu kali ya amonia inayochoma macho. Niliporudi kwangu nikachuchumaa mpaka kichwa kikawa usawa wa kuku. Nilishindwa kukaa hata dakika moja. Wao walilala humo usiku kucha. Tangu hapo naamini mfugaji wa mjini hana haki ya kusema banda lake halinuki mpaka asimame upande wa jirani na kuvuta pumzi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba lile ni banda la kuhamishika. Nililitengeneza la mbao na wavu, nikalifunga magurudumu mawili ya toroli, kusudi kuku wanane wasikae sehemu moja. Kiangazi nililivuta kila asubuhi, nyasi zikapata nafasi ya kupumua, mambo yakaenda vizuri. Mvua zilipokolea, magurudumu yakazama kwenye tope. Nikasema kesho, kesho kutwa, zikapita wiki tatu. Magurudumu yasiyozunguka hayana kazi.

Kuku wanane wakubwa hutoa karibu kilo moja ya kinyesi kwa siku, na robo tatu yake ni maji. Ile sehemu nyeupe ina asidi ya yuriki, ambayo bakteria huigeuza kuwa amonia pakiwa na unyevu. Kinyesi kikikauka mapema, kazi hiyo hudorora na pua hupumzika. Unyevu huohuo ndio unaokomaza vijidudu vya kuhara damu kwa muda wa siku mbili hivi, kwa hiyo harufu ni taarifa ya ugonjwa vilevile.

Sasa niseme jambo ambalo wafugaji wenzangu wengi hawalipendi. Acheni kumwaga chokaa na jivu juu ya matandazo mabichi. Nilifanya hivyo siku ileile bibi alipokuja, na jioni hali ikawa mbaya kuliko asubuhi. Chokaa na jivu ni vya asili ya alikali, yaani kinyume cha asidi, na kinyesi kibichi kikipata alikali huachia amonia nyingi zaidi. Jivu liwekeni kwenye beseni kavu kuku wajioge na kupambana na utitiri. Chokaa ipigeni kwenye sakafu mkishakwangua, mkaosha na kukausha.

Kinachofanya kazi kwangu ni kidogo, lakini ni cha kila siku. Kinyesi kingi hudondoka usiku chini ya fito za kulalia, kwa hiyo nimeweka bati bapa pale chini. Asubuhi nalivuta, nalikwangua, nalirudisha, dakika tano. Sakafuni natandika maranda ya paini ninayochukua kwa fundi seremala, na huwa namuuliza kwanza kama mbao zilitiwa dawa, maana za dawa sizitaki kwa kuku. Maranda yakiadimika, pumba za mpunga zinafaa. Kila baada ya siku mbili natia mkono, nakamata konzi moja na kuiminya. Nikifungua kiganja bonge likabaki bonge, natoa sehemu ile yote. Mara nyingi kosa huwa ni chombo cha maji kinachovuja. Nimekiinua juu ya tofali mbili, usawa wa mgongo wa kuku, na pale chini hapalowi tena.

Halafu kuna baridi yetu ya Juni na Julai, usiku nyuzi zikishuka chini ya 10. Watu wanaziba banda kwa viroba na turubai hadi juu, wakidhani wanawaonea kuku huruma. Pumzi ya kuku ina mvuke. Ukiuziba, unarudi kwenye matandazo. Kuku mkavu anavumilia baridi ya huku. Zibeni pande usawa wanapolala, upepo usiwapige, lakini chini ya paa acheni wazi upana wa kiganja.

Kinyesi nakichanganya na majani makavu kwenye shimo lililofunikwa, kinakaa miezi kadhaa, kwa sababu kikiwa kibichi kinaunguza mboga. Viroba viwili vya kwanza nilimpelekea bibi kwa ajili ya chainizi zake. Akasema "ndaga," yaani asante, akavipokea, akanusa kimoja kabla ya kukiweka chini.

Mvua za Novemba hazijafika bado. Nimeshamwaga changarawe pale kwenye mwinuko ambapo banda litasimama msimu wote, na fundi anakuja Jumamosi kurefusha bati la upande wa ukuta wa bibi, maji yasirudi ndani.