Baridi ya Goma Haitoshi Kuipoza Prosesa

Wakazi wengi wa Goma wanaotumia kompyuta za mezani wanaamini kwamba mji wetu, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, umewaondolea kazi ya kuhangaika na joto la mashine. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Mchana wa kawaida joto la hewa huwa karibu nyuzi 25, na usiku watu hutafuta sweta. Lakini ukipita katika sekretaria zinazochapisha kazi za wanafunzi, kuanzia Katindo hadi Birere, hukosi kukuta mashine inayojizima yenyewe katikati ya ukurasa, na mwenye mashine analaumu virusi, au umeme, au Windows. Mimi nasema kwamba sehemu kubwa ya lawama hizo ingepaswa kwenda kwa vumbi na kwa krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, na kwamba fundi asiyepima joto la prosesa kwanza hana haki ya kugusa kitu kingine chochote.

Tuanze na kile ambacho baridi inatupa kweli. Radieta, yaani chuma chenye mapezi membamba kinachokaa juu ya prosesa, na feni yake haviwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kazi yake ni kuizuia isipande mbali mno juu ya joto hilo, na tofauti hiyo, kwa kazi ileile, hubaki karibu palepale. Chumba kikiwa na nyuzi 22 na prosesa yenye kazi nzito ikiwa na nyuzi 62, mashine hiyohiyo katika chumba cha nyuzi 30, kama vyumba vingi vya Kindu, itakuwa karibu na nyuzi 70. Zawadi yetu, basi, ni nyuzi nane hivi. Na hata hiyo hatuipati yote, kwa sababu hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, na feni inayosukuma ujazo uleule wa hewa huondoa joto pungufu. Kwa upande mwingine, mapezi ya radieta yaliyozibwa pamoja na krimu iliyokufa vinaweza kuongeza nyuzi 20 au 30 bila shida. Anayetegemea baridi ya mji kufuta deni hilo amekosea hesabu.

Ni joto gani basi lililo salama? Prosesa nyingi za Intel Core za mezani zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100, na za Ryzen 5000 za AMD kikomo chake ni kati ya nyuzi 90 na 95. Kikomo si mahali pa kuishi. Mashine iliyotulia ikiwa kati ya nyuzi 30 na 45, na ikiwa kazini kati ya 60 na 80, mwenyewe anaweza kulala. Ikigusa 85 ni wakati wa kufungua kasha, na mashine ya ofisi inayofika 95 kwa kuandika barua na kufungua Firefox ni mgonjwa, hata kama haijawahi kujizima. Kuyasoma haya hakuhitaji kifaa chochote: programu za bure kama Core Temp na HWMonitor huonyesha nyuzi za kila kiini cha prosesa, na wanaotumia Linux wana amri ya sensors.

Kinachowapoteza watu ni kwamba prosesa za kisasa haziungui kwa kishindo. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware iling'oa radieta juu ya prosesa zilizokuwa zikifanya kazi: Athlon za AMD ziliungua palepale, na Pentium 4 ya Intel ikapunguza mwendo tu na kuendelea. Leo karibu zote hufanya kama ile Pentium 4. Zikifikia kikomo hupunguza kasi ili zisiungue, na joto likizidi hapo hukata kazi kabisa. Kwa hiyo mtu haoni moshi wala hasikii harufu. Anachoona ni kompyuta iliyokuwa nyepesi asubuhi na ambayo saa nane mchana inachukua dakika nzima kufungua faili. Hapo ndipo huitwa fundi, naye, akiisha kuitazama skrini, hutamka hukumu ninayoisikia kila mahali katika mji huu: «Papa, hii tuiformati tu,» yaani afute diski yote na kuweka Windows upya. Mashine inaformatiwa na kupoa usiku kucha, kesho yake asubuhi inakwenda vizuri, fundi anasifiwa, na baada ya siku chache ugonjwa unarudi kwa sababu hakuna aliyeugusa. Si lazima fundi awe na nia mbaya. Amefundishwa dawa moja, na wateja wameizoea.

Sasa vumbi. Kila mji una vumbi lake, lakini la kwetu lina tabia ya pekee. Tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kuganda, ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembezoni mwake, na mawe hayohayo tunayaponda kuwa kokoto, tunajengea kuta na kufukia barabara. Magari na chukudu, yale magurudumu mawili ya mbao ya kubebea mizigo, huyasaga kila siku. Unga unaotokea ni mweusi, mgumu na wenye kingo kali, haufanani na udongo laini wa shamba, na ukiingia kwenye mhimili wa feni ndogo huula polepole mpaka feni inaanza kulia kama mbuzi. Mlima ukitoa majivu hali huwa mbaya zaidi, kwani majivu ya volkano yakilowa huweza hata kupitisha umeme.

Ukitaka kuona ninachokisema, chukua mashine iliyokaa miaka miwili katika duka linalotazama barabara, ifungue ubavu, kisha uitoe feni juu ya radieta. Usiridhike na vumbi lililo juu ya feni, maana hilo halizuii sana. Tazama chini ya feni, mahali hewa inapoingia kwenye mapezi: utakuta blanketi la kijivu, nene na lililoshikamana, ambalo mara nyingi hunyanyuka kipande kizima kwa ncha ya bisibisi. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote, kelele zote za kazi zilisikika, na hewa haikuwa inapita. Ndiyo maana ushauri wa kununua feni kubwa zaidi, unaopendwa sana na wauza vifaa, naona hauna maana kabla ya blanketi hilo kutolewa.

Kulitoa kunahitaji brashi safi ya rangi na upepo wa wastani, huku ukiishika feni kwa kidole isizungushwe na upepo huo. Wako wanaobeba mashine hadi kwa fundi wa matairi ili aipulize kwa kompresa. Sikubaliani nao. Tangi la kompresa ya barabarani hukusanya maji, mara nyingine na mafuta pia, na kuyamwaga juu ya vumbi letu lililobaki kwenye bodi, lile bamba linaloshika prosesa na vifaa vingine, ni kutafuta kesi nyingine.

Krimu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa hapa ni za mitumba, zilizotumika miaka mingi katika ofisi za Ulaya kabla ya kupakiwa kwenye kontena, na tangu zilipotoka kiwandani radieta zake hazijawahi kuinuliwa. Kati ya mfuniko wa prosesa na kitako cha radieta kuna nafasi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na hewa ikikaa humo inazuia joto: shaba hupitisha joto zaidi ya mara elfu kumi kuliko hewa. Krimu huzijaza nafasi hizo. Ikizeeka hugeuka ngumu kama chaki na kupasuka, na hewa inarudi. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya asilimia 90, au ile ya 70 ya duka la dawa ukiwa na subira ya kuiacha ikauke kabisa, kisha weka tone la krimu mpya la kiasi cha punje ya kunde katikati na uiache radieta yenyewe ilisambaze. Kupaka nyingi hakupoozi zaidi.

Hatua ya mwisho ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Radieta za kawaida za Intel hushikwa na miguu minne ya plastiki inayosukumwa mpaka ilie «tak» kwenye bodi. Mguu mmoja usipoingia vizuri, radieta inakaa imeinama upande kwa unene wa karatasi, na prosesa hufika nyuzi 90 kabla Windows haijamaliza kufunguka. Geuza bodi au chungulia kwa nyuma uhakikishe ncha zote nne zimetokeza. Katika baadhi ya Dell na HP za ofisi kuna skrubu badala ya miguu, jambo ambalo nalishukuru, na pia kuna mfuniko wa plastiki unaoelekeza hewa kutoka mbele hadi nyuma. Mafundi wengine huutupa kwa kuuona hauna kazi. Urudishwe.

Kuhusu mazoea yetu mengine nitasema kwa kifupi. Kasha lililoachwa wazi huweza kushusha nyuzi chache leo, ila linalipia kwa vumbi la miezi inayofuata. Kitambaa cha kudarizi juu ya mashine kinapendeza ikiwa imezimwa. Ikiwaka, kiondolewe kwenye matundu. Kukatika kwa umeme hakuichemshi prosesa, maana chanzo cha joto kinakatika sekunde ileile na feni. Umeme unaporudi na kishindo chake ndio wa kuogopwa, na anayeumia hapo ni pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, na diski. Kasha likae juu ya meza au kibao, mbali na sakafu inayofagiwa.

Kwa asiye na fedha za krimu wiki hii, Windows yenyewe ina nafuu ndogo: katika mipangilio ya umeme, kiwango cha juu cha prosesa kishushwe kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye prosesa nyingi hatua hiyo huzima mwendo wa tabo, ule mruko wa kasi unaoleta joto jingi, na mwandishi wa barua hatahisi tofauti.

Mteja naye ana la kudai. Kabla ya kulipia kuformati, mwambie fundi akuonyeshe nyuzi za prosesa mashine ikiwa imetulia, kisha baada ya dakika kumi za kazi nzito, na aziandike kwenye risiti. Akimaliza kusafisha, zipimwe tena mbele yako. Zikiwa hazijashuka hata kidogo, radieta haijakaa sawa au feni imechoka, na hapo bado hajamaliza kazi uliyomlipa.