Bango la kituoni lisimzibe abiria asione daladala

Ukikaa kwenye kibanda cha kituo Barabara ya Dar es Salaam, hapa Dodoma, uso ukiwa umeelekea barabarani, gari litatokea mkono wako wa kulia. Ndivyo ilivyo kila kituo, maana tunaendesha kushoto. Lakini upande huohuo wa kulia ndio mwenye tangazo anaoutaka, kwa sababu sura ya nje ya bango inawatazama madereva wanaokuja bila kitu cha kuiziba. Naona ombi la kuweka bango hapo likataliwe kila mara, hata kama pesa yake ni nzuri.

Bango la kawaida la kibandani lina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.8. Ukuta wa namna hiyo ukisimama kulia, aliyekaa kwenye benchi haoni daladala mpaka limefika. Kwa hiyo anasimama nje juani, hatua mbili karibu na lami. Konda naye anawafuata abiria walipo, gari linasimama kabla ya kituo, na benchi linabaki la bodaboda na wauza karanga. Mwishowe hata tangazo linapoteza msomaji wake bora, yule anayesubiri dakika kumi hana la kufanya.

Bango liwekwe kushoto. Sura yake ya ndani itaonwa na aliyekaa, na pia dereva anayekuja ataiona kupitia upande wa kulia ulioachwa wazi. Tatizo ni kwamba waliosimama wataziba nusu ya chini. Basi jina la biashara na neno kuu viwe theluthi ya juu. Bei, namba ya simu na maelekezo ya duka vishuke chini, vya kusomwa na wa benchi. Gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo dereva aliye mita 40 kutoka kituoni ana sekunde tatu tu. Maneno saba yanamtosha. Herufi ya sentimita 2.5 inasomeka vizuri kutoka kama mita 3. Kwa mita 30 inahitajika ya sentimita 25. Wachoraji wengi hupanga tangazo kwenye kompyuta, pua ikiwa karibu na kioo, ndiyo maana namba za simu zinajaa mabango yasiyosomwa na mtu.

Wapo watakaosema bango la kulia linakinga jua la asubuhi. Ni kweli, barabara hii inakwenda mashariki, na anayesubiri gari la kwenda mjini jua linamtokea kuliani. Ila miezi ya joto kali, kuanzia Oktoba, jua huchomoza kusini kidogo ya mashariki, yaani nyuma ya bega lake la kulia. Mwarobaini mmoja uliopandwa hapo, nyuma ya mstari wa kibanda, unatoa kivuli bila kuficha gari.

Kuhusu uchapaji wenyewe, jua la Dodoma halina huruma. Nyekundu na njano hupauka kwanza, bluu na nyeusi hubaki, na tangazo la nyama choma linageuka rangi ya maiti. Daini wino wa nje na utando wa kuzuia jua juu yake. Upepo wa kiangazi ni jambo jingine: ukifika mita 20 kwa sekunde, bango la ukubwa huo linasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 50. Flekisi, yaani turubai la plastiki lililochapwa, ikifungwa kwa waya pembe nne itachanika kwenye matundu. Pindo likunjwe mara mbili na kuunganishwa kwa joto, ringi za matundu ya kufungia ziwe kila sentimita 50, au afadhali stika juu ya bati ndani ya fremu. Vumbi lioshwe kwa maji na sabuni laini. Petroli na thina vinakula wino.

Fremu ya alumini iliyofungwa kwa bolti za kawaida huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tumieni bolti zenye kichwa kisichoshikwa na spana ya kawaida.

Mtindo wa kibanda kulipiwa na matangazo ulianzia Lyon, Ufaransa, mwaka 1964, mfanyabiashara Jean-Claude Decaux alipojenga vibanda vya basi na kuvitunza bila mji kulipa, naye akauza nafasi ya matangazo. Sehemu ya kutunza ndiyo inayosahaulika kwenye mikataba. Iandikwe bayana: benchi lililovunjika litengenezwe ndani ya siku ngapi, paa lioshwe mara ngapi, nani atakata matawi. Na pale barabara kuu ilipo chini ya wakala wa barabara TANROADS, au ya mtaa chini ya wakala mwenzake TARURA, kibali chao kipatikane kabla ya kuchimba msingi, maana ada ya halmashauri pekee haikupi haki ya kusimamisha nguzo kwenye hifadhi ya barabara.