Mwanangu yuko Tanga kwa mama yake mkubwa, na kuna mtoto mmoja wa Beijing simsahau

Niko Beijing mwaka wa nne sasa, nilikuja kusoma nikapata kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, na mwanangu nilimwacha Tanga kwa dada yangu akiwa na miaka mitatu na kidogo. Sa juzi dada kaniambia kwenye simu, kwa upole kabisa, mdogo wangu usiwe unapiga kila siku, ukishakata mtoto anakuwa kimya mpaka usiku, ameshatuzoea huku, hebu mwache atulie. Na mama naye akamuunga mkono. Nikasema sawa dada, nikakata simu, nikalia sana. Sikubali, na nataka kueleza kwa nini, ila nitaanzia mbali kidogo.

Mwezi wa kwanza niliofika hapa walitupeleka Gugong, lile kasri la wafalme katikati ya mji, na wakati tunatoka upande wa kaskazini tukapita kwenye kisima kimoja kidogo, mdomo wake mwembamba hata huamini mtu mzima anapita. Wakasema humu alizamishwa Zhen, mke mdogo wa mfalme Guangxu, mwaka 1900, majeshi ya nje yalipoingia Beijing na Cixi, malkia mjane aliyekuwa ameshika madaraka, akawa anajiandaa kukimbia. Nikauliza huyo Cixi ni nani kwa mfalme, mama yake? Wakanijibu ni dada mkubwa wa mama yake mzazi. Yaani mama mkubwa. Mwili ulinisisimka pale pale, maana mwanangu nimemwacha kwa nani?

Toka siku ile nimesoma habari za huyu Guangxu kila ninapopata nafasi. Jina lake la nyumbani ni Zaitian, kazaliwa Agosti 1871. Januari 1875 mtoto wa Cixi, mfalme Tongzhi, akafa ana miaka 18 tu na hajaacha mtoto. Kwa desturi yao mrithi angetoka kizazi cha chini yake, ila hapo Cixi angekuwa bibi, na madaraka yangeenda kwa mjane wa Tongzhi, ambaye ndiye angehesabiwa mama wa mrithi, kwa hiyo akamchukua mtoto wa mdogo wake, akamfanya mwanawe, ili yeye abaki mama na aendelee kutawala kwa niaba ya mtoto. Baba wa yule mtoto, Prince Chun, aliposikia alianguka chini akilia mpaka akazimia, na sio kwa furaha, alijua. Mtoto akachukuliwa usiku ule ule wa baridi akapelekwa kasri. Miaka mitatu na miezi mitano, umri ule ule wa mwanangu nilipopanda ndege.

Na kuanzia hapo mlango ukafungwa. Baba mzazi akimwona mwanawe anapiga magoti, maana ni mfalme. Cixi akataka mtoto amwite baba, sio mama wala mama mkubwa, baba. Alipokua akaozeshwa mwaka 1889 binti wa mjomba wake, yaani mtoto wa kaka yake Cixi, hakumpenda na hawakuzaa. Mwaka 1898 akajaribu kuibadilisha nchi, shule, mitihani, jeshi, amri juu ya amri kwa siku 103 tu, halafu mama mkubwa akamnyang'anya madaraka akamfungia kwenye kisiwa cha Yingtai pembeni ya kasri. Wakienda kule Yiheyuan, kasri la ziwani, alikuwa anawekwa kwenye ukumbi wa Yulantang, na ndani ya vyumba vya pembeni zikajengwa kuta za matofali asipate pa kupita. Zile kuta zipo mpaka leo. Nilisimama mbele yake nikagusa, ziwa liko hatua chache tu nyuma na yeye haruhusiwi kulitazama! Akafa Novemba 14, 1908, na miaka 37, Cixi akafa kesho yake, na mwaka 2008 wataalamu wa hapa baada ya kupima nywele zake wakatangaza kwamba aliuawa kwa sumu ya arseniki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hawakujifunza kitu. Kabla Cixi hajafa akaagiza mtoto mwingine aletwe, Puyi, hajafikisha hata miaka mitatu, mtoto wa ndugu yake Guangxu, familia ile ile ya Prince Chun. Safari hii aliyezimia ni bibi yake. Miaka mingi ikapita Puyi hajamwona mama yake.

Najua mtasema hayo ni mambo ya wafalme, sisi kwetu mtoto ni wa ukoo. Ni kweli, na mi mwenyewe nililelewa miaka miwili kwa shangazi Muheza na sikupungukiwa kitu, kwa hiyo simlaumu dada hata kidogo, kanilelea mtoto vizuri kuliko nilivyostahili kumuomba. Ila Muheza mama alikuwa anakuja, analala, ananisuka nywele, anaondoka, nalia, anakuja tena. Kile kilio hakikuniua. Na hapa China wa leo wapo wengi kama mimi, mwenzangu wa ofisini katoka Henan, mtoto wake analelewa na bibi kijijini kwa sababu bila usajili wa mkazi wa hapa mjini shule ni ngumu, wana hadi jina la watoto kama hao, liushou ertong, watoto waliobaki nyuma. Yeye kila mchana akila anamweka mtoto kwenye video, mtoto anakula na yeye anakula, wengine wote tunanyamaza. Halafu watu wa nyumbani mnaniambia huku ugenini hawajui undugu. Jamani, mwenzangu ananionyesha kila siku saa sita mchana undugu ulivyo.

Kwa hiyo dada yangu, najua utasoma hapa, nakuomba kwa heshima zote, akiwa kimya baada ya simu kaa naye, mwambie mama anarudi, usimtulize kwa kuniondoa. Mwite mwanao, ni wako kweli, na akikuita mama sioni wivu. Ila mimi nitapiga. Jumamosi akitoka madrasa saa kumi na moja jioni huku itakuwa saa nne usiku, nitakuwa macho, mwekee simu mezani hata kama hataki kuongea, aache tu nimwone anakula.