Kinyama cha uvimbe hakitatuambia habari za salfa

Ukikaa Tandahimba au Newala, mkoani Mtwara, msimu wa kupuliza mikorosho dawa ya ukungu, unga wa salfa umetanda alfajiri na watu wamejifunga vitambaa puani, hukosi kumsikia mtu akisema kansa imeletwa na hiyo salfa. Mara nyingi anayesema hivyo amezika ndugu. Ndiyo maana wazo la kupima metali kwenye vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama vinavyokatwa mwilini, vya wagonjwa wa Mtwara na Lindi, chenye saratani kando ya kizima cha mtu yuleyule, linapokelewa kwa matumaini.

Naliunga mkono, ila si kwa sababu ya salfa. Salfa si metali, tena imo katika protini za mwili wa kila mtu, hata asiyewahi kuuona mkorosho. Viuatilifu vya maji navyo vingi havina metali ya kupima, na kabla ya kipimo tishu huyeyushwa kwa asidi ya nitriki na joto hadi kemikali za namna hiyo zivunjike zote. Swali la mkulima linahitaji utafiti wa aina nyingine, na aambiwe hivyo waziwazi.

Metali zenyewe zinasema nini? Tezi dume nzima ina zinki nyingi kuliko karibu tishu zote laini za mwili. Mwaka 1952 Mawson na Fischer, huko Kanada, walionyesha kuwa yenye saratani imepungukiwa nayo, na waliopima baada yao wameona hivyohivyo. Seli nzima ya tezi huhifadhi zinki ili isiichome sitreti, kemikali ambayo seli nyingine huichoma kupata nguvu, kwa kuwa kazi yake ni kuitoa kwenye majimaji ya shahawa. Seli ya saratani huacha kuivuta zinki, ikaichoma sitreti kupata nguvu. Kwenye titi mambo hugeuka: uvimbe kwa kawaida una zinki nyingi kuliko nyama inayouzunguka. Kwa hiyo namba ya uvimbe hueleza ugonjwa unavyoishi, na ni vigumu kuisoma kama chanzo. Anayekimbilia vidonge kwa namba hizo akumbuke seleniamu, madini yanayouzwa kama vidonge: wanaume zaidi ya 35,000 waliingia katika jaribio la Marekani la seleniamu na vitamini E, vidonge vikasitishwa 2008 kwa kuwa havikuzuia saratani ya tezi dume.

Kinachonivuta mimi ni kile kinyama kizima. Kadimiamu, metali iliyotangazwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 1993 kuwa husababisha saratani kwa binadamu, huingia kwa moshi wa sigara na kwa chakula, ikakaa kwenye figo miaka zaidi ya kumi. Habari ya tulichokula na kuvuta iko huko. Lakini nyama iliyo jirani na uvimbe haiaminiki kuwa nzima kweli, basi zipimwe pia tishu za wasio na saratani, kwa mfano wazee wanaofanyiwa upasuaji wa tezi iliyotanuka tu.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kichocho cha mkojo kinajulikana kuleta saratani ya kibofu, na dawa yake ipo. Saratani ya mlango wa kizazi ina chanjo, ambayo wasichana wa Tanzania wanapewa tangu 2018. Ya nini mashine ghali ya kupima metali wakati mama wa Liwale bado anasubiri majibu ya kinyama? Kwangu hoja hii inaweka mpangilio: kinyama ni cha patholojia, yaani maabara inayotambua ugonjwa, kwanza, kinachobaki ndicho cha utafiti.

Na kilichobaki kitunzwe sawasawa, la sivyo tusianze. Kisu cha chuma cha pua huacha kromiamu na nikeli. Formalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, hunyonya baadhi ya metali kutoka kwenye nyama. Damu isiyosuuzwa huongeza chuma. Kwa joto la Lindi, kinyama kilichosahaulika mezani hupoteza maji, na namba zikapanda ilhali metali haijaongezeka hata chembe.

Kabla ya kisu ipo ridhaa. Mzee wa Newala anayeombwa kipande cha tezi yake aelezwe kwamba hakitabadili matibabu yake, na kwamba jibu la salfa halimo humo. Akikubali baada ya kuelewa hayo, kipande kiende kwenye friza siku hiyohiyo.