Hii Ni Sinema au Mtihani wa Taifa?

Jamani, tangu lini kuangalia sinema kunahitaji tuisheni? Marvel, wale watengeneza filamu za mashujaa, walianza na Iron Man mwaka 2008, tukaelewana vizuri. Kufika Endgame, 2019, filamu zimeshakuwa 22. Sawa, nikazimaliza zote, na hiyo ya mwisho saa tatu nzima nimebana mkojo. Nikadhani nimehitimu. Wapi! Mwaka 2022 naingia kumwona Doctor Strange, namkuta Wanda, yule shujaa mchawi, kageuka jini, anatafuta watoto wake. Watoto gani? Kazaa lini? Jirani yangu akaninong'oneza, kwa ile huruma ya mwalimu: "Kwani hukuangalia WandaVision?" Vipindi tisa vya tamthilia, ndugu zangu! Tena vya kulipia kila mwezi! Na ukiuliza swali, eti wewe si shabiki wa kweli. Nyie mnaobukua yote haya, mnalala saa ngapi?