Nimrod si shamba la ukoo

Juzi nilialikwa kwa watu, hapa hapa London, jioni ya kusikiliza muziki. Wenyeji wastaarabu, chai ipo, keki ipo, spika za bei ambayo siitaji, mtu asije akakosa usingizi. Wakaweka tamasha la mwaka 1982, kondakta Mmarekani Leonard Bernstein akiwaongoza wapigaji wa BBC Symphony Orchestra, Enigma Variations ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar. Ilipofika Nimrod, kipande cha tisa cha kazi hiyo, mzee mmoja akavuta mkono wa shati na kuanza kutazama saa. Wala si kwa kuibia. Sote tunasikiliza fidla, yeye anahesabu sekunde kama refa wa mechi ya mchangani. Ilipoisha akatoa hukumu: Mmarekani ameiua, na muziki huu usipozaliwa nchi hii huwezi kuuelewa. Kisha akanigeukia mimi, mweusi pekee sebuleni, kwa upole kabisa, akanihakikishia kwamba hilo si kosa langu.

Nikanywa chai yangu, maana nilikuwa ugenini. Hapa niko kwangu, acheni niseme.

Tuanze na lile ambalo mzee yuko sahihi, nilimalize haraka kwa sababu linaniuma. Ndiyo, Bernstein anakwenda polepole mno. Elgar mwenyewe aliirekodi kazi hii mwaka 1926 na Royal Albert Hall Orchestra, na Nimrod yake inakwisha kwa kama dakika tatu. Ya Bernstein inachukua takribani mara mbili ya hapo. Kwenye nota pameandikwa Adagio, yaani polepole, sawa, lakini Adagio si ruhusa ya kulala. Kuna mahali wapuliza vyombo unawaonea huruma, pumzi inakaribia kuwaishia na kondakta bado kafumba macho. (Msinikumbushe kwamba upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulibeba dakika nne na ushee, na kwamba huenda mtunzi naye aliharakishwa na mashine. Najua. Bado naamini aliitaka iende.)

Basi, hayo nimekubali. Lililonipandisha mori ni hilo la pili, la kuzaliwa huku.

Hebu tumwangalie huyo Nimrod ni nani. Elgar aliandika vipande 14, kila kimoja sura ya mtu wake wa karibu, wa mwisho akiwa yeye mwenyewe. Cha tisa, hiki wanachokiona ndicho roho yenyewe ya Uingereza, ni sura ya August Jaeger, Mjerumani wa Düsseldorf aliyekuja London na kufanya kazi kwa wachapishaji wa muziki, Novello. Jina lake kwa Kijerumani ni mwindaji, ndiyo Elgar akampachika la yule Nimrodi wa kitabu cha Mwanzo. Na wimbo unazungumzia nini? Unakumbuka maongezi yao wawili, Elgar akiwa amekata tamaa na Jaeger akimtia moyo kwa habari za Beethoven. Mjerumani anamsimulia rafiki yake habari za Mjerumani mwingine. Uingereza hapo iko wapi, ukiacha kalamu na meza?

Tuendelee. Tarehe 19 Juni 1899, St James's Hall, kazi hii inapigwa hadharani kwa mara ya kwanza. Nani kasimama mbele? Hans Richter, aliyezaliwa Hungaria na kupata jina kwa kazi za Wagner, mtunzi wa Kijerumani. Sijui siku hiyo alikuwapo mzee wa kutazama saa na kuuliza cheti cha kuzaliwa. Hata Elgar, Waingereza wenyewe hawakumpokea kwa vifijo tangu mwanzo: mtoto wa mwenye duka la muziki mjini Worcester, Mkatoliki, aliyejifundisha utunzi karibu wote peke yake. Leo amekuwa mali ya taifa, na waliorithi mali wamesahau ilivyopatikana.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria kejeli zote zinanitoka. Jaeger alifariki mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, chuki dhidi ya Wajerumani ilikuwa kali kiasi kwamba familia yake iliacha jina hilo ikachukua la Kiingereza, Hunter. Mjane na watoto wake hawakuweza kutembea na jina la baba mitaani. Na kila Novemba, pale Whitehall, London, mbele ya mnara wa kumbukumbu uitwao Cenotaph, wanapokumbuka waliokufa katika vita hiyo na zilizofuata, bendi inapiga nini? Inapiga Jaeger. Watu wanavua kofia na machozi yanawatoka, na ni haki yao kabisa, ni muziki unaostahili machozi. Lakini usije ukaniambia kwamba wa nje hauelewi.

Na sisi tuliokulia kwenye kwaya tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Nota za do-re-mi zilizoandikwa ubaoni kwa chaki, ambazo mwalimu wetu alizipigia rula kila tulipokosea, zilienezwa na mchungaji wa Kiingereza, John Curwen, karne ya 19. Pasaka ikifika tunaimba Haleluya ya Handel kwa Kiswahili, besi wanachelewa kama kawaida, na kanisa zima linasimama. Handel mwenyewe alizaliwa Halle, Ujerumani, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1727. Sijawahi kumsikia mama wa sauti ya kwanza akiuliza kama anaruhusiwa kuuelewa.

Halafu hao waliokuwa wanapiga mwaka 1982 walikuwa nani? BBC Symphony Orchestra, ndani ya London. Kama uzalendo ndio unaotoa sauti, walikuwapo Waingereza wa kutosha jukwaani kumzidi nguvu mtu mmoja mwenye kijiti.

Kuna na wanaozikataa rekodi za ukumbini kwa sababu wasikilizaji wanasikika wakikohoa; kwao sina mengi. Mpiga cello Jacqueline du Pré amerekodiwa Philadelphia mwaka 1970 akipiga kile kipande cha Elgar cha cello, mumewe Daniel Barenboim akiongoza, na watu wanakohoa ndani yake kama wodi. Miaka mitatu baadaye ugonjwa uliomnyima mikono ulikuwa umeshapewa jina. Ningevumilia hata mbuzi.

Ila nikitaka kusikia mwendo wa Nimrod ulio hai, nisiseme uongo, siendi kwa Bernstein. Naenda kwa Toscanini, kondakta Mwitaliano, katika ukumbi wa Queen's Hall, London, Juni 1935, hao hao BBC Symphony Orchestra. Sauti ni ya zamani, inakwaruza, lakini sikiliza pale kipande cha nane kinapokwisha: kila kitu kinanyamaza isipokuwa noti moja ya fidla inayobaki inaning'inia, na chini yake Nimrod inaingia bila kubisha hodi. Hakuna wa kukohoa hapo. Wimbo unapanda bila kujivuta, unafika kileleni kwa nguvu zote, kisha unaporomoka ghafla hadi kunong'ona. Ukumbi wenyewe haupo tena, mabomu ya Wajerumani yaliuteketeza usiku wa tarehe 10 Mei 1941, na mchana wa siku hiyo ndani yake ilikuwa imepigwa The Dream of Gerontius, kazi ya kwaya na okestra ya Elgar huyo huyo.

Mtu akiniambia Bernstein alizidisha upole, karibu, tutabishana hadi treni ya mwisho. Akiniambia hakuwa na haki ya kuugusa kwa sababu ya pasipoti, sibishani. Namwekea hiyo ya mwaka 1935, simtajii anayeongoza, na namwacha anieleze ni Mwingereza wa mkoa gani.