Wale chui si pambo tu
Ndugu mwandishi, umesema wanyama kwenye mahekalu ya Wagiriki ni urembo wa kujaza nafasi. Hapo sikubaliani nawe. Chukua hekalu la Artemis, mungu wa kike wa uwindaji, kisiwani Corfu huko Ugiriki, la mwaka 580 KK hivi. Chini ya paa, upande wa mbele, yupo Medusa, yule zimwi la kike mwenye nywele za nyoka; nyoka wawili wamefundikana kiunoni mwake kama mshipi, na huku na huku wamelala chui, madoa yao yamechongwa duara duara. (Kichwa cha Medusa nacho kinakutolea ulimi!) Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, alimwita Artemis bibi wa wanyama wa mwitu, na kule Brauron, patakatifu pake karibu na Athens, wasichana wadogo walimtumikia kwa kuigiza dubu. Sasa chui mlangoni pa mwenyewe watakuwaje urembo tu?